Hasira Zetu Ziliishia Abu Dhabi

Miaka inapita, lakini wanafunzi wangu hapa Morogoro hawajaifunga kesi ya Abu Dhabi. Ikitajwa Formula 1 tu, wanagawanyika papo hapo: wa Hamilton huku, wa Verstappen kule. Wanavinukuu vifungu vya kanuni za mbio kama mawakili. Nimewauliza baadhi yao wana siku ngapi za kukata rufaa ya matokeo ya mtihani, wakatazamana.

Kisa chenyewe kinajulikana. Tarehe 12 Desemba 2021 madereva hao wawili waliingia kwenye mbio za mwisho za msimu wakiwa na alama 369.5 kila mmoja. Hamilton aliongoza kwa sehemu kubwa ya mbio. Ilipobaki mizunguko michache, gari la Nicholas Latifi likagonga ukuta na gari la usalama likaingia barabarani. Michael Masi, mkurugenzi wa mbio, akayaruhusu magari matano tu, yale yaliyokuwa katikati ya wapinzani hao, yapite mbele. Mengine yaliyokuwa nyuma kwa mzunguko mzima akayaacha yalipo. Kisha akafungua mbio ukiwa umesalia mzunguko mmoja. Verstappen, mwenye matairi mapya, akapita na kuwa bingwa. Mercedes walipolalamika, walijibiwa kwamba mkurugenzi ana mamlaka ya juu juu ya gari la usalama. Baadaye Masi aliondolewa, kanuni ikaandikwa upya, matokeo yakabaki.

Hasira ya mashabiki ni halali. Ugomvi wangu nao ni mahali inapoishia.

Katika ofisi zetu, alichokifanya Masi kina jina la heshima: busara. Nimekaa katika vikao vya kutosha kulijua neno hilo linavyofanya kazi. Kanuni ikimbana asiyependwa, inasomwa neno kwa neno, ikimgusa mwenye jina, mwenyekiti anakohoa kidogo na kusema, "Ndugu wajumbe, hapa tutumie busara." Kumbukumbu za kikao hazitaonyesha sababu. Zitaonyesha uamuzi.

Shukeni nami kwenye barabara itokayo Kinole, ambako kijana wa bodaboda anateremka milima ya Uluguru na mikungu ya ndizi kuelekea Soko la Chifu Kingalu. Tangu bajeti ya mwaka 2021/22 faini yake ilipunguzwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Kiasi kinajulikana. Kisichojulikana ni kama leo atatozwa, ataonywa, au ataambiwa "ongea vizuri". Mwenzake aliyetangulia na mzigo uleule amepita. Huyu ndiye mshindani anayebadilishiwa kanuni kwenye mzunguko wa mwisho, kila siku, na hakuna anayemwandikia hata mstari mmoja mtandaoni.

Wapo watakaosema sheria haioni kila kitu, hivyo lazima pawe na mtu wa kupima. Nakubali. Lakini tazameni Safari Rally ya mwaka 1973, ambayo kipimo chake kilikuwa adhabu tupu: kila dakika ya kuchelewa ilihesabiwa dhidi ya dereva. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye familia yake iliondoka nchini humo wakati wa Idi Amin, alimaliza akiwa sawa kabisa kwa adhabu na Harry Källström wa Sweden. Ushindi alipewa Mehta kwa kigezo cha nani alikwenda umbali mrefu zaidi kabla ya kuadhibiwa mara ya kwanza. Ni kigezo kikali, na Källström angeweza kukiona cha kikatili, lakini hakikutungwa kwa ajili yake usiku ule.

Mtumishi wa umma unayenisoma, sikuombi uache kupima. Nakuomba uandike. Unapomsamehe mmoja na kumwadhibu mwingine kwa kosa lilelile, weka jina lako, kifungu na sababu kwenye jalada, na umpe nakala yule uliyemwadhibu. Nanyi vijana mnaokijua kifungu cha gari la usalama kwa moyo, idaini nakala hiyo kwa sauti ileile mliyoitumia Desemba ile. Mkijibiwa kwamba imetumika busara, ulizeni ya nani, na imeandikwa wapi.