Mpasuo wa Mkono wa Shati

Nina jambo la kusema ambalo najua wenzangu wengine watalicheka. Nasema kwamba kila mwanafunzi wa shule hii, mvulana kwa msichana, yafaa ajue kushona mpasuo wa mkono wa shati kabla hajamaliza masomo yake.

Muhula uliopita baba alininunulia kitambaa cheupe, akakipeleka kwa fundi mmoja. Shati lilirudi linang'aa, kola imesimama. Wiki ya tatu, nikikunja mikono ili niteke maji, nikasikia kitambaa kinalia. Mkono ulikuwa umechanika toka kwenye mpasuo hadi karibu na kiwiko. Nilipougeuza ndani nje nikaona sababu: fundi alikata kitambaa, akakunja kingo kidogo tu, na pale juu mpasuo unapokoma hakutia kitu. Baba hakunikaripia. Alisema tu kwamba hana fedha za shati jingine muhula ule.

Basi nilimwendea shangazi, mwenye cherehani. Alinieleza kwamba mkono wa shati ni mpana na kifundo ni chembamba, ndiyo maana hupasuliwa ili kiganja kipite. Walakini nguvu yote ya kuvuta hukutana penye ncha ya mpasuo. Ncha ikiwa dhaifu, shati zima ni dhaifu.

Kazi yenyewe hufanywa mkono ukiwa bado umelala mezani, kabla haujaunganishwa. Mpasuo huwekwa upande wa nyuma, ulingane na kidole kidogo. Ukiwa wa sentimita 10, hutaka utepe wa sentimita 22 kwa upana wa 4, uliokatwa kufuata urefu wa kitambaa. Kabla ya kutia mkasi, piga mshono wa hatua ndogo ndogo, uende juu na kurudi chini kama herufi V iliyopinduliwa. Kisha kata katikati mpaka karibu na ncha, pasipo kugusa uzi. Fungua mpasuo unyooke kama mstari mmoja, uushone kwenye utepe. Penye ncha sindano ishike nyuzi chache tu za kitambaa, nje kidogo ya ule mshono wa kwanza. Kunja utepe ufunike ukingo, ushone tena, upige pasi. Mwisho, kunja utepe kwa ndani, na pale juu uushone mshazari, utepe peke yake, ili usipinduke nje.

Mara ya kwanza nilipata makunyanzi, shangazi akanifumulisha. Mara ya pili pia. Mara ya tatu alitazama, akanirudishia bila neno. Mkono ule mpya, uliotoka katika masalio ya kitambaa kile kile, ndio ninaouvaa ninapoandika haya.

Wako wasemao kwamba kushona ni kazi ya wanawake. Nawauliza: mafundi waketio barazani na cherehani zao katika miji yetu, je, wengi wao si wanaume? Wengine husema kwamba mtihani hauulizi habari za mashati. Ni kweli. Lakini mchana mmoja wa Jumamosi hauwezi kumwangusha mtu mtihani, na shati lililochanika humtoa mtoto darasani moyoni, hata kama mwili wake umekaa kitini. Nakubali pia kwamba mshono mzuri hauokoi kitambaa kibovu. Ila kitambaa kizuri huharibiwa na mshono mbaya, na hasara hiyo humwangukia mzazi.

Kwa hiyo nawaomba walimu watutengee Jumamosi moja kila muhula, na wazazi wenye cherehani waje watufundishe. Nanyi wenzangu, mpelekapo kitambaa kwa fundi, msisifu kola tu. Geuzeni mkono, mtazame ncha ya mpasuo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi ukuta wangu nimekwisha kuujenga.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu