Wanafunzi wa Uzamili Nao Wagombee

Msimu wa uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi uwadiapo katika vyuo vikuu vya humu nchini, kuta hujaa picha, ngoma huvuma, na vijana hukesha wakihesabu kura ambazo bado hazijapigwa. Katika hekaheka hizo zote kuna kundi moja linalopita kando kimya kimya, mikoba mabegani, kana kwamba hiyo ni arusi ya jirani ambayo halikualikwa. Kundi lenyewe ni la wanafunzi wanaosomea shahada za uzamili na uzamifu. Ukimsimamisha mmoja wao umwulize mbona hagombei wala hapigi kura, atatabasamu na kukuambia kwamba siasa za chuo ni za watoto waliotoka shule za upili juzi. Yeye ana jamaa ya kulisha, ana kazi, na ana tasnifu ya kuandika.

Ninadai kwamba jibu hilo, japo linasikika kuwa la mtu mzima, limewagharimu wanafunzi hao mno, na kwamba wakati umewadia kwa mwanafunzi wa uzamili kujitokeza, kuchukua fomu na kuomba kura kama wenzake.

Tukiri kwanza kwamba kujihadhari huko kuna historia. Titus Adungosi, mwenyekiti wa chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, SONU, alihukumiwa kifungo cha miaka 10 kwa kosa la uchochezi baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, akafia gerezani mwaka wa 1988. Wafula Buke, aliyekikalia kiti hicho mwaka wa 1987, alitiwa mbaroni mwaka uo huo na kufungwa miaka 5 kwa madai ya kuipelelezea Libya. Chama chenyewe kikapigwa marufuku. Hata nje ya mipaka yetu, Mkenya Symonds Akivaga, aliyekuwa akiwaongoza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliondolewa chuoni na polisi mwaka wa 1971 na kurudishwa kwao kwa sababu ya barua ya wazi aliyomwandikia mkuu wa chuo. Mzazi aliyeyashuhudia mambo hayo, kisha akamwonya mwanawe asijitie katika uongozi wa wanafunzi, hatuwezi kumlaumu.

Hata hivyo, miaka hiyo si miaka hii. Mwanafunzi wa uzamili wa leo haliogopi korokoro. Anamwogopa msimamizi wake.

Yafaa tulieleze jambo hili kwa kina, maana wasiopitia njia hiyo hawalijui. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hufundishwa na walimu wengi. Akikosana na mmoja, wapo wengine kumi, na mtihani wake husahihishwa pamoja na ya mamia ya wenzake. Mwanafunzi wa uzamili, akishamaliza mafunzo ya darasani, hubaki mikononi mwa watu wawili, na pengine mmoja tu. Huyo ndiye atakayeisoma sura yake ya kwanza au kuiacha mezani muhula mzima. Huyo ndiye atakayeamua kama tasnifu iko tayari kupelekwa kwa watahini, na huyo huyo ndiye atakayeandika barua ya kumpendekeza kazini siku za usoni. Mwanafunzi akipeleka sura mwezi Februari na kufika Septemba bila kujibiwa neno, afanye nini? Akilalamika kwa mkuu wa idara, mkuu wa idara ni rafiki wa msimamizi, na yamkini alikuwa mwanafunzi wake. Wahenga walinena kwamba mkono usioweza kuukata ubusu. Basi mwanafunzi hubusu, hununua subira, hulipa karo ya mwaka mwingine, na shahada iliyopangiwa miaka miwili hugeuka kuwa ya minne au mitano.

Sisemi kwamba wasimamizi wote ni wa namna hiyo. Wapo wanaosoma kazi za wanafunzi wao usiku wa manane, ilhali wamelemewa na madarasa makubwa na mishahara inayochelewa. Lakini hata msimamizi mwema hawezi kuwa dawa ya utaratibu mbaya. Lalamiko la mtu mmoja ni la mtu mmoja, nalo lina jina na sura. Ni rahisi mno kumtambua aliyelitoa na kumwekea kinyongo. Lalamiko hilo likiletwa na kiongozi aliyechaguliwa, akisema kwamba katika kitivo hiki wako wanafunzi kadhaa ambao sura zao zimekaa miezi sita bila kusomwa, halina tena uso wa mtu. Kwa maoni yangu, hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuwa na kiongozi.

Fauka ya hayo, maamuzi makubwa kuhusu wanafunzi hawa yamekuwa yakipitishwa bila sauti yao kusikika. Mwaka wa 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa viwango vilivyomtaka mwanafunzi wa uzamifu awe amechapisha makala katika majarida ya kitaaluma kabla ya kutunukiwa shahada. Lengo lilikuwa zuri. Ila gharama ya kuchapisha, muda wa kungoja majibu ya wahariri, na majarida ya kitapeli yaliyozuka kuwakamua wenye haraka, yote hayo yalimwangukia mwanafunzi. Vilevile, tangu sheria ya sayansi na teknolojia ya mwaka wa 2013, anayetaka kwenda nyanjani kukusanya data sharti apate leseni ya NACOSTI na kuilipia. Ongeza ada ya watahini, ada ya kuchapa na kujalidi tasnifu, na nauli ya kumfuata msimamizi. Kiongozi wa wanafunzi ambaye hajawahi kuandika tasnifu atayatetea vipi mambo ambayo hayajui? Atapigania chakula cha jikoni, mabweni na mikopo, na kufanya hivyo ni haki yake, kwa kuwa ndiyo yanayowasumbua waliomchagua. Asiyekuwapo na lake halipo.

Sheria nayo haijawa rafiki mkubwa wa walio wachache. Vurugu zilizofuata uchaguzi wa SONU mnamo Aprili 2016 zilisababisha Chuo Kikuu cha Nairobi kufungwa, na kabla ya mwaka huo kwisha Sheria ya Vyuo Vikuu ilifanyiwa marekebisho. Badala ya kila mwanafunzi kumpigia kura mwenyekiti moja kwa moja, iliamuliwa kwamba kila idara au kitivo kichague wajumbe watatu, na wajumbe hao ndio wachague baraza la wanafunzi. Muhula wa baraza uliwekwa kuwa mwaka mmoja, na mtu akazuiwa kuhudumu zaidi ya mihula miwili. Waliotunga sheria hiyo walikuwa wakiwafikiria viongozi waliong'ang'ania viti mwaka nenda mwaka rudi, na katika hilo walikuwa na hoja. Lakini wajumbe watatu wa kitivo chenye maelfu ya wanafunzi wa shahada ya kwanza na makumi ya wanafunzi wa uzamili watatoka upande gani? Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu.

Pamoja na hayo, sheria iyo hiyo iliacha mlango wazi kidogo. Katika baraza iliweka nafasi tatu za wanachama wanaowakilisha mahitaji maalumu ya wanafunzi. Sioni kwa nini katiba ya chama cha wanafunzi isitamke wazi kwamba nafasi moja kati ya hizo ni ya wanafunzi wa uzamili na uzamifu, ichaguliwe nao wenyewe. Haya si mapinduzi. Ni kifungu kimoja cha katiba, na atakayekiandika ni yule atakayejitokeza kugombea akakidai.

Sasa nigeukie walimu, kwa kuwa najua wengi wanaosoma ukurasa huu ni walimu, na katika walimu hao wako wengi walioandikishwa kwa masomo ya uzamili ya wakati wa likizo. Mwalimu wa shule ya upili, tuseme kule Kitui au Busia, hufunga shule Aprili, hupanda basi, hukodi chumba karibu na chuo, husoma kutwa kucha kwa majuma machache, kisha hurudi kufundisha. Agosti na Desemba hufanya vivyo hivyo. Watoto wake humwona likizoni kwa picha. Huyu ni mwanafunzi kamili, amelipa karo kamili, tena kwa mshahara wake mwenyewe au kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo. Lakini uchaguzi ukiitishwa katikati ya muhula, yeye yuko darasani akifundisha Kidato cha Tatu. Hapigi kura, hagombei, na hata matokeo huyasikia kwa bahati. Kama liko kundi lililonyimwa sauti bila ya yeyote kukusudia kulinyima, ndilo hili. Na ni watu hawa hawa ambao, wakirudi shuleni, husimamia uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi wao na kuwahubiria demokrasia!

Nani basi agombee? Wengine watasema kwamba afaaye zaidi ni mhadhiri msaidizi, yaani yule anayefundisha shahada ya kwanza huku akisomea uzamifu katika chuo kicho hicho. Kundi hili liliongezeka baada ya Tume kuagiza kwamba wahadhiri wawe na shahada ya uzamifu. Anaijua idara ndani nje, anawajua wakubwa, na hana haja ya kuonyeshwa njia ya ofisi ya Naibu Chansela. Mimi sikubaliani. Mtu huyo ni mwajiriwa wa chuo. Mkataba wake hutiwa saini na wale wale atakaotakiwa kuwakabili. Isitoshe, wapiga kura wengine ni wanafunzi anaowasahihishia mitihani, na kura ya mtu unayemsahihishia haiwezi kuwa huru. Yeye ana UASU, chama cha wahadhiri, cha kumtetea. Nafasi ya wanafunzi na aiachie mwanafunzi.

Anayegombea naye ajue anachokiingilia. Mwaka wa kwanza wa uzamili ni wa darasani. Wa pili ni wa tasnifu. Akichaguliwa katika mwaka wa pili, ambao ndio kwa kawaida mtu huwa ameshawazoea wenzake, tasnifu yake itasimama asipokuwa na nidhamu ya ajabu. Ni heri agombee mapema, mara tu muhula wa kwanza umalizikapo, ingawa jina lake halijavuma. Kabla ya kuchukua fomu, amweleze msimamizi wake kwa heshima lakini kwa maandishi, na wakubaliane tarehe za kuwasilisha kila sura. Barua hiyo ihifadhiwe idarani. Siku kiongozi atakapolazimika kusema neno lisilopendeza, barua hiyo ndiyo itakayoonyesha kama kazi yake ilicheleweshwa kwa sababu za kitaaluma au kwa sababu nyinginezo.

Kuhusu kampeni, nitasema machache. Mwanafunzi wa uzamili hawezi kushindana na vijana kwa fulana, magari yenye vipaza sauti na soda za bure, na akijaribu atajidhalilisha. Fedha za namna hiyo mara nyingi hutoka kwa wanasiasa walio nje ya chuo, nao hudai malipo baadaye. Wapiga kura wake ni wachache, wametawanyika, wengi wana umri wa makamo na hawadanganyiki kwa soda. Atawafikia kwa simu, kwa ujumbe, na kwa kuketi nao dakika kumi nje ya maktaba. Asiwaahidi kupunguziwa karo, kwa kuwa hilo haliko katika uwezo wake, nao wanalijua. Awaahidi mambo yanayoweza kupimwa: kwamba chuo kiweke muda maalumu, tuseme majuma manne, ambamo msimamizi sharti awe amesoma sura aliyopewa, kwamba ada zote, hadi ile ya kujalidi, zitangazwe siku ya kujiandikisha, na kwamba maktaba isifungwe mapema wakati wa likizo, ambapo ndipo walimu wanapoihitaji.

Wako watakaouliza kama haya hayatazaa uhasama kati ya wanafunzi na wahadhiri. Huenda yakazaa mwanzoni. Msimamizi aliyezoea kutoulizwa hapendi kuulizwa. Lakini muda ukiwekwa kwa maandishi, yeye pia ananufaika, kwani ataweza kumwambia mkuu wa idara kwamba amepewa wanafunzi kumi na wawili na hawezi kuwasoma wote kwa majuma manne, naye mkuu wa idara atalazimika ama kuwagawa ama kuajiri. Kwa hali ilivyo, uzito huo wote humezwa kimya kimya, mwanafunzi akimlaumu msimamizi na msimamizi akimlaumu mwanafunzi, huku wenye kupanga bajeti wakiwa hawana habari.

Limebaki suala la tarehe. Chuo chenye wanafunzi wengi wa likizo kinaweza kuuweka uchaguzi wa nafasi hii katika juma la pili la masomo ya Agosti, walimu wakiwa wameshatulia madarasani na kabla hawajaanza kukimbizana na mitihani. Sanduku moja likiwekwa mlangoni pa maktaba kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, wote watakaotaka kupiga kura watakuwa wamepiga. Fomu za wagombea zitolewe Aprili, ili mwalimu apate muhula mzima wa kulitafakari jambo hilo akiwa shuleni kwake, na kuwashauri wa nyumbani.