Fedha ya Dhahabu na Motokaa ya Mbio

Siku hizi hapa Kahama kijana akijaliwa kuuza dhahabu yake vizuri, neno la kwanza kinywani mwake ni Subaru. Wala si Subaru yoyote. Aitaka Impreza ya tabo, ile WRX iliyoanza kutengenezwa Japani mwaka 1992. Simlaumu, maana sifa ya Impreza ilikuzwa huku kwetu: Colin McRae alishinda nayo mashindano ya Safari nchini Kenya mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000.

Lakini wewe unayetaka kuinunua, je, waijua tabo ni kitu gani? Ni mfano wa pangaboi dogo lizungushwalo na moshi wa injini kabla haujatoka nje. Nalo husukuma hewa nyingi ndani ya injini, ikapata nguvu kupita kimo chake. Huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, katika joto kali, na halidumu bila oili safi.

Basi motokaa ya miaka 25 usiinunue kwa mngurumo. Nenda asubuhi, ushike boneti. Ikiwa ya moto, uliza kwa nini imewashwa kabla hujafika. Itazame oili, ikiwa nzito kama lami, aga uende zako. Kisha iwashwe: moshi wa bluu maana yake oili inaungua, kwa kuchoka tabo au injini yenyewe. Tena usidanganywe na lile tundu la juu ya boneti, laweza kubandikwa hata kwenye Impreza isiyo na tabo! Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zile za kwenye kadi.

Nenda na fundi, lakini si yule aliyezoea Noah na Probox peke yake. Silinda za Subaru zimelala, mbili kila upande, hata kufikia plagi ni kazi.

Na mkeo aione hesabu yote mapema. Shimo laweza kukauka mwezi ujao, ada za watoto zikangoja, na tabo ikafa wiki hiyo hiyo. Kwa hiyo pita kwanza dukani kwa muuza spea, uulize bei ya tabo nyingine, ndipo urudi kupatana na mwenye gari.