Idjwi: jicho halingojei boti ya asubuhi



Kila mtu anayelima nanasi hapa kisiwani anajua namna majani yake yanachoma. Mama mmoja, jirani yetu, alikuwa anapalilia, jani likamuingia mu jicho. Nyumbani walimutilia maji ya majani ya dawa, akavumilia. Siku ya tatu jicho lilikuwa limevimba, akaenda ku kituo cha afya. Wakamuambia pomade ya macho iko ya watoto wachanga tu, avuke Bukavu. Kutafuta franga ku jamaa, kungojea boti: siku mbili tena. Alipofika kwa muganga wa macho, kidonda kilikuwa kimekwisha kula jicho. Leo anaona na moja.

Watu wanasema ni bahati mbaya. Sisi tunakataa. Jani ndilo lilikuwa bahati mbaya. Zile siku tano ni kukosa kujitayarisha.

Na kujitayarisha kunawezekana. Mu Bhaktapur, inchi ya Nepal, wafanyakazi wa macho wa mu vijiji walikuwa wanatuma watu wenye jicho limeumia ku vituo vya macho vya karibu, na wale wenye jicho limekwaruzwa walitiwa pomade ya antibiotiki mara tatu kwa siku, siku tatu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: kwa wagonjwa 442, 96 ku 100 walipona bila jicho kuoza. Wale walioanza dawa mbele ya masaa 18 kupita, hakuna hata mmoja alipata kidonda cha ndani.

Sisi tunakosa nini? Reko tuko nao mu vijiji. Komite ya afya, CODESA, iko. Pomade ya tetrasikilini 1%, ile ya watoto wanaozaliwa, ni dawa ya bei ndogo. Kinachokosa ni kuitoa mu kabati ya materniti na kuipeleka karibu na mashamba.

Wakati tunangojea, kila nyumba ishike haya mane:
1. Asidi ya batri, chokaa, simenti ao mate ya nyoka ikiingia mu jicho: safisha palepale na maji safi mengi, dakika 15 mpaka 30, bila kusimama. Usikimbilie boti mbele ya kusafisha. Chokaa ni mbaya kupita asidi, inaendelea kuchoma ndani.
2. Kitu kikisimama mu jicho, ao jicho likitoboka: usikitoe, usisafishe, usifinye, usipake pomade. Funika na kikombe bila kugusa jicho, enda hospitali siku ileile.
3. Jicho likikwaruzwa na jani ao mti: usisugue, enda ku muganga siku ileile.
4. Majani ya dawa, mkojo, maziwa ya mama: hapana mu jicho. Tunaheshimu wazee wetu, lakini vitu hivi vinaingiza microbe ndani ya kidonda.

Sasa tunageukia wakubwa. Katiba yetu, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inaipa sheferi bajeti yake yenyewe. Mama wa nanasi analipa taksi kila siku ya soko. Basi tunaomba sheferi zetu mbili, Rubenga na Ntambuka:
– pomade ya macho kwa kila reko, na siku mbili za kumufundisha kuitumia;
– mu kila kituo cha afya, bido ya maji safi ya lita 20 yenye haikauke, na vifuniko vya jicho;
– boti moja ya motere na mafuta yake kwa wagonjwa wa haraka, usiku na mchana, bila kuuliza kwanza franga;
– hesabu ya vitu hivi ibandikwe ku biro, kila mtu aisome.

Na sisi hatutakaa mikono mitupu. Wengi wetu tulimaliza chuo kikuu na hatuna kazi, kwa hiyo wakati tuko nao. Tutapita mu masoko, makanisa na masomo kufundisha haya mane, bila kulipwa. Tutarudi pia ku biro ya sheferi kuuliza jibu, na tutaendelea kurudi mpaka tulipate.

Mama yule alipoteza jicho sababu hakuna mtu alikuwa tayari. Wa pili akipoteza lake, tutasema wazi nani alijua na akanyamaza.