Watazamaji wa Maua hawahesabiwi
Mwandishi wa makala, hapo unaposema anayeanza Hollywood Stock Exchange, ule mchezo wa soko la hisa za filamu, anunue hisa za filamu anazozipenda, nakataa. Hapa mjini Maua kibanda cha video hujaa watu filamu ya mapigano ikisimuliwa na DJ Afro, na vijana wataapa kwamba imevunja rekodi ya dunia. Soko lile halituhesabu hata kidogo. Linatazama mapato ya kumbi za Marekani na Kanada tu, na kila dola milioni moja huwa dola moja ya mchezo kwenye bei ya hisa. Mimi huangalia kwanza filamu inafunguliwa kumbi ngapi, na kama wikendi hiyo ina sikukuu ya Wamarekani. Na wewe ndugu wa Embu unayetuambia kwenye maoni yako hapo juu tushikilie hisa tu, kumbuka filamu ya kumbi nyingi hufungiwa hesabu baada ya wiki nne, na wikendi ya kwanza ikipita bei hurekebishwa kufuata mapato halisi. Kelele zikipandisha bei kupita kiasi, uza mapema, au weka dau kwamba itashuka, soko linaruhusu. Unapewa dola milioni mbili za kuanzia, tena si pesa za kweli. Wanaoanza, msizimalize kwa filamu moja.