Tunachangia Jeneza, Hatuchangii Nauli ya Kliniki



Kuna jambo moja ambalo Waswahili wa Marekani tunaliweza kuliko mengine yote, nalo ni msiba. Mtu akifariki usiku Louisville, kabla hakujapambazuka Columbus wamejua, Buffalo wamejua, na kamati imeshaundwa. Mwekahazina anapatikana, daftari linafunguliwa, akina mama wanapanga zamu za kupika, na baada ya siku chache pesa za kusafirisha mwili zimetimia. Hakuna anayeuliza kama marehemu alikuwa Mtanzania, Mkongo, Mrundi au Mkenya, wala alikuwa anasali wapi. Hapo nawapongeza, na najipongeza na mimi, maana huwa nachanga.

Swali langu ni hili: marehemu huyo huyo, mwaka mmoja kabla, alipokuwa haamki kitandani, au alipokuwa anafungua chupa saa moja asubuhi, kamati yake ilikaa lini? Nani alishika daftari? Nani alitoa gari kumpeleka kliniki?

Tusidanganyane. Kamati haikukaa. Tulichofanya ni kumsema. "Fulani siku hizi kawa mlevi." "Fulani karogwa." "Fulani kashindwa maisha." Halafu siku ya kuaga mwili tunapanga foleni kusema alikuwa mtu wa watu.

Mimi ni muuguzi hapa Buffalo. Sitasimulia habari za mgonjwa yeyote, kwa sababu sheria hairuhusu na utu pia hauruhusu. Nataka kusema tunachoweza kukifanya sisi kama jamii, maana sehemu kubwa ya kinachokosekana haipo hospitali. Ipo kwetu.

Kwanza tujitazame sisi ni akina nani. Hapa Buffalo wengi wetu wamefikia West Side. Kuna Wakongo waliopitia Nyarugusu, Nakivale na Kakuma. Kuna Warundi, na katika miji mbalimbali ya nchi hii wapo wale waliokimbia mwaka 1972 wakaishi Tanzania zaidi ya miaka 30 kabla ya kuletwa Marekani. Wapo Banyamulenge walionusurika mauaji ya Gatumba, Agosti 2004, ambako watu zaidi ya 150 waliuawa kambini usiku mmoja. Wapo Wabantu wa Somalia. Na tupo sisi tuliokuja na viza ya shule tukaishia kubeba boksi.

Chukua mtu aliyeona ndugu zake wakiuawa. Mpe nyumba ya baridi, zamu ya usiku, na lugha asiyoijua. Louisville anapakua mizigo usiku kucha kwenye uwanja wa ndege, Columbus yuko ghalani, Buffalo anageuza wazee vitandani. Desemba hapa jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa hiyo wa zamu ya usiku anaweza kupita wiki nzima bila kuliona. Usingizi haupo. Anagundua kwamba glasi mbili zinamlaza, kisha glasi nne, kisha chupa. Huyu hajarogwa. Ni mgonjwa aliyejitafutia dawa mwenyewe akapata mbaya.

Na ninyi wa nyumbani, nisiwaache. Simu zenu haziulizi "umelala?" Zinauliza "umetuma?" Mtu anayetuma dola 200 kila mwezi hawezi kuwaambia kwamba hana nguvu ya kuoga, kwa sababu mtasema anakwepa. Siku moja mpigie mwenzenu bila shida yoyote ya pesa, msikilize tu sauti yake.

Sasa niseme mambo matatu ya kazi yangu, kwa sababu kutoyajua kunaua.

La kwanza ni pombe. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu hatakiwi kukatishwa ghafla akiwa peke yake. Nasikia familia zinamfungia mtu chumbani siku tatu "mpaka imtoke". Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla unaweza kutetemeka, kupata degedege, kuona vitu visivyokuwepo, na mtu anaweza kufa. Tukiona anatetemeka na kuona majoka ukutani tunasema ni mapepo. Ombeni, sikatazi, lakini ombeni mkiwa naye hospitali. Zipo dawa za kumpitisha siku hizo salama, na zipo nyingine za kupunguza hamu baadaye.

La pili ni unga na vidonge. Dawa nyingi za mitaani sasa zimechanganywa fentanili, hata vidonge vinavyofanana kabisa na vya duka la dawa. Kijana wetu anayedhani anameza kidonge cha kutuliza wasiwasi anaweza asiamke. Mwaka 2023 Marekani ilipoteza watu kama 110,000 kwa kuzidiwa na dawa za kulevya. Mwaka 2024 idadi ilishuka hadi kama 80,000, na moja ya sababu zinazotajwa ni kusambaa kwa Narcan, dawa inayopulizwa puani. Toka 2023 inaruhusiwa kuuzwa bila cheti cha daktari. Ukimkuta mtu hapumui vizuri, midomo imebadilika rangi, hashtuki ukimwita, piga 911, mpulizie, msaidie kupumua, mlaze ubavu, na usiondoke, kwa sababu dawa hiyo huisha nguvu baada ya dakika 30 hadi 90 naye anaweza kuzama tena.

Wengi wanaogopa 911 kwa sababu ya polisi. Jueni kwamba New York toka 2011, Kentucky toka 2015 na Ohio toka 2016 zina sheria inayomlinda, kwa mipaka yake, anayepiga simu na aliyezidiwa, wasishitakiwe kwa dawa kidogo zitakazokutwa hapo. Mipaka inatofautiana kati ya jimbo na jimbo, na mambo ya uhamiaji ni ya serikali kuu, kwa hiyo mwenye kesi au makaratasi yasiyokamilika aongee na mwanasheria. Lakini aongee akiwa hai.

La tatu ni tabia yetu ya kumrudisha kijana nyumbani "akanyooke". Anakaa miezi sita kwa babu, anarudi mnene na msafi, tunashangilia. Mwili wake umeshasahau dawa, ila kichwa hakijasahau. Akirudia kile kiasi cha zamani siku moja tu, kinamuua. Wakati wa hatari zaidi ni huo wa baada ya kuacha, na ndio wakati sisi tunapomwacha.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu. Samahani, nyumbani wametutangulia. Muhimbili ilianza kutoa methadoni Februari 2011, huduma ya kwanza ya umma ya aina hiyo Afrika bara kusini mwa Sahara, baadaye Mwananyamala na Temeke zikafuata. Kenya ilianza Mathari mwishoni mwa 2014, kisha Malindi. Teja wa Temeke anapanga foleni asubuhi, anakunywa kikombe chake, arosto inaondoka, anakwenda kutafuta riziki. Zanzibar zipo nyumba za sober ambako walioacha unga wanawashika mkono wanaoacha. Harare, mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha mabibi wa mtaa wa Mbare kukaa kwenye benchi na kuwasikiliza wenye mawazo mazito. Utafiti uliotoka mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na mabibi hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi na benchi! Sisi tunao mabibi, na mabenchi yamejaa kila ukumbi tunaokodi.

Na Buffalo yenyewe si masikini wa huduma. Mei 2017 mji huu ulifungua mahakama ya kwanza Marekani ya kesi za watumiaji wa dawa za jamii ya unga, ambayo inamtanguliza mtu kwenye matibabu kabla ya mashitaka. West Side kuna Jericho Road, kliniki iliyozoea wakimbizi kiasi kwamba shirika hilo lina huduma hadi Goma. Simu ya 988, iliyoanza Julai 2022, inapokelewa saa 24 kwa mtu yeyote nchini aliyezidiwa na mawazo, na ukipiga unaweza kuomba mkalimani. Mlango upo. Tatizo ni hatua kati ya mlango wa nyumba yako na mlango wa kliniki, na hatua hiyo hakuna daktari anayeweza kuitembea.

Hoja ninayosikia mara nyingi ni hii: "Ukimpa pesa atanunulia pombe." Kweli, usimpe pesa! Kwani kwenye msiba tunampa marehemu pesa? Tunalipa jeneza, tunalipa tiketi, tunapika. Anayeanza methadoni hutakiwa kufika kliniki karibu kila siku, hata theluji ikifika magotini. Mpe lifti. Mama anayehudhuria ushauri saa tisa mchana ana watoto wanaotoka shule saa hiyo hiyo. Wapokee. Bima inaweza kumlipa daktari, na Medicaid ina usafiri wa wagonjwa, lakini asiyejua Kiingereza atauagizaje? Mpigie simu hiyo.

Hoja ya pili ni umbeya, na hii naiheshimu. Mtu anaogopa kwenda kliniki kwa sababu mkalimani ni jirani yake au muumini mwenzake. Jueni haki yenu: hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa ikutafutie mkalimani bila malipo, na unaweza kuomba wa simu aliye mji mwingine, asiyekujua. Usimtumie mtoto wako wa miaka kumi kutafsiri kwamba unataka kujiua. Na sisi tunaosaidia, tukubaliane kwamba habari ya mgonjwa inaishia kwa watu wawili anaowachagua yeye. Mweka hazina hahitaji kujua ugonjwa. Anahitaji kujua lita ngapi za petroli.

Ninachopendekeza kwa wenyeviti na makatibu wa jumuiya zetu za Buffalo, Columbus na Louisville ni kidogo na hakihitaji wafadhili.

Moja, fungueni katiba zenu. Karibu zote zina kifungu cha mwanachama akifiwa. Ongezeni kifungu cha mwanachama akiugua, na andikeni wazi kwamba uraibu na maradhi ya akili ni ugonjwa. Mfuko ulipe nauli, malezi ya watoto, hata kodi ya mwezi mmoja kwa aliyelazwa, na ulipe moja kwa moja, si mkononi.

Mbili, kila ukumbi wetu, kila kanisa na kila msikiti wetu uwe na Narcan ukutani na watu wawili waliofundishwa kuitumia. Mafunzo yenyewe ni mafupi kuliko hotuba ya mgeni rasmi.

Tatu, tupate wazee wanne au watano wenye mdomo mzito, wanawake kwa wanaume, wafundishwe kusikiliza na kujua lini suala limewazidi na ni la daktari.

Nne, sherehe zetu. Mtu ana mwezi mmoja hajagusa pombe, anakuja kwenye sherehe ya uhuru, mezani hakuna hata soda, na anayekataa bia anachekwa. Wekeni maji na soda, na muacheni mtu anywe anachotaka bila kuulizwa.

Sidai kwamba kila mtu atapona. Wengi huanguka na kurudi, wengine mara tano, mara sita, na huchosha. Kuanguka tena ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, kama sukari inavyopanda kwa mwenye kisukari. Hatumfukuzi mwenye kisukari kwenye jumuiya kwa sababu sukari imepanda.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tumezidi: tunaficha maradhi, kisha tunakichangia kifo, tena kwa risiti. Kusafirisha mwili mmoja kutoka hapa hadi Dar, Bujumbura au Bukavu ni maelfu ya dola. Piga hesabu hiyo inatosha safari ngapi za kwenda kliniki na kurudi kwa mwaka mzima.

Mikutano mikuu ya jumuiya ipo kila mwaka. Naomba ajenda hii iwekwe kabla ya uchaguzi wa viongozi, isisukumwe kwenye mengineyo. Atakayegombea uenyekiti, tumuulize kwanza atawafanyia nini walio hai.

Nawasilisha.