Karboni haishikwi na kutu, lakini inafichaga ugonjwa

Kila mara wakubwa wa inchi wanapotuonyesha ndeke mpya, wimbo ni ule ule: iko ya kisasa, iko na karboni, haishikwi na kutu. Ni kweli. Lakini hiyo ni nusu ya habari.

Tuongee wazi. Karboni ya ndeke ni nyuzi zilizoshikanishwa na gundi, tabaka juu ya tabaka. Aluminiamu ikichoka, mara nyingi fundi mwenye taa na macho mazuri anaweza kuona ufa. Karboni ikigongwa na ngazi ao jiwe la piste, juu inaweza kubaki laini kabisa, kumbe ndani matabaka yameachana. Maji nayo yanaingiaga polepole ndani ya gundi, joto linailegeza.

Tarehe 6 Machi 2005, Airbus A310 ya Kanada ilitoka Varadero, Cuba, ikapoteza usukani wa mkia kule angani. Usukani ule ulikuwa wa karboni. Marubani waliirudisha, watu wote wakatoka wazima. Wapelelezi wakasema kuangalia kwa macho na kugongagonga, kama ilivyokuwa desturi, hakukutosha kuona ubovu wa ndani. Kanada hiyo! Yenye mashini, yenye mafundi waliosoma.

Na kwetu? Tangu 2006 kampuni za ndeke za Congo zimekatazwa anga la Ulaya, ju ukaguzi wa serkali yetu hauaminiwi. Ukaguzi, si umri wa ndeke tu. Ndeke mpya mikononi mwa mukaguzi asiye na mashini inazeeka bila mutu kujua.

Hapa Goma, tarehe 24 Novemba 2019, ndeke ilianguka juu ya nyumba za watu, muda mufupi baada ya kuruka. Hatusemi ilikuwa karboni. Tunasema wenye kufa hawakuwa wote na tiketi.

Go-Pass tunalipa, kwa safari ya ndani na kwa ya inje. Basi tunauliza: mashini za ultrason, zenye kusikiliza ndani ya karboni, ziko ngapi katika inchi hii? Mafundi wangapi wanajua kuzisoma? Kila ndeke ilikaguliwa lini, na nani? Musituambie ni siri ya kazi. Siri gani, na sisi njo tunakaa ndani? Kama jibu ni sufuri, semeni sufuri, na muibandike pale pale kwenye dirisha la Go-Pass.